Sekunde Saba za Gregory Coleman

Ndugu msomaji, kabla hujafunua ukurasa mwingine kwa kudhani nataka kukuhubiria mambo ya kigeni, nipe dakika kumi tu. Najua tulivyo. Mimi mwenyewe nimekulia kwenye nyumba ambayo redio ikipiga kitu kisichokuwa na mtu anayeimba, mzee wa nyumba anauliza, "Mbona hawaanzi kuimba, wanasubiri nani?" Kwetu sisi muziki ni maneno. Ndivyo tulivyolelewa na taarabu, na dansi, na hawa vijana wa kizazi kipya pia. Wimbo usiokuwa na ujumbe tunauita kelele.

Basi leo nimekuja kuitetea kelele. Siyo kelele yoyote tu. Ni ile waliyoianzisha vijana wa London na Bristol mwanzoni mwa miaka ya tisini, ambayo wenyewe waliipa jina la vyombo viwili: dramu na besi. Nimeisikiliza kwa miaka mitatu sasa, na nimeitafutia habari zake kila nilipopata salio la intaneti. Nimefika mahali naona kwamba historia yake inatuhusu sana sisi tunaohangaika kutunga kitu bila cheti, bila mtaji na bila mjomba mwenye cheo. Nitakueleza ilikotoka, nani waliitengeneza na nani alidhulumiwa. Halafu nitakuelekeza pa kuanzia kusikiliza.

Mimi nilikutana nayo kazini. Baada ya kidato cha nne, na matokeo yakiwa yale ambayo hayakunivusha kwenda cha tano, nilipata kibarua kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu na flashi. Mteja anakuja na memori kadi, anasema "nijazie singeli" au "mwekee mama kwaya", unamjazia, anakulipa, anaondoka. Siku moja jamaa mmoja anayefanya kazi melini alileta flashi yake nimsafishie virusi. Ndani mlikuwa na faili za muziki zaidi ya mia, majina yote mageni kwangu. Nikamwuliza, "Kaka, huu ni muziki gani?" Akanijibu, "Huo ni wa kukeshea zamu ya usiku. Nakili, lakini usikilize kwa hedifoni." Nikanakili.

Kitu cha kwanza unachokutana nacho ni mwendo. Muziki huu huenda mapigo kati ya 160 na 180 kwa dakika, wakati moyo wa mtu aliyetulia hupiga kama 70 hivi. Sasa mtoto wa Dar es Salaam hashituki kwa mwendo, maana singeli yetu ya Manzese na Mburahati huvuka 200 bila kutoa jasho. Kilichonishitua ni kwamba chini ya zile ngoma za mbio kuna besi inayotembea taratibu, nusu ya mwendo, kama mzee anayekwenda msikitini huku watoto wanamzunguka mbio. Kichwa kinafuata ngoma, kiuno kinafuata besi. Yaani unakuwa watu wawili ndani ya shati moja.

Halafu nikagundua jambo jingine, na hilo ndilo lililonifanya nianze kuchimba. Faili baada ya faili, msanii huyu na msanii yule, nilikuwa nasikia mkono wa mpiga ngoma mmoja. Wakati mwingine amekimbizwa, wakati mwingine amekatwakatwa kama kachumbari, lakini ni yeye. Mtu akikaa na sauti kutwa nzima kibandani, sikio linajifunza kutambua watu. Nikajiuliza: huyu ni nani anayepiga kwenye kila wimbo wa Uingereza?

Jina lake ni Gregory Coleman, na alikuwa Mmarekani. Hakuwa London. Hata muziki huo wenyewe, wakati anapiga, ulikuwa haujazaliwa.

Mwaka 1969 Coleman alikuwa mpiga dramu wa kundi la The Winstons la Washington, D.C. Lilikuwa kundi lenye weusi na weupe ndani yake, jambo ambalo kwa Marekani ya miaka ile lilitosha kuwakosesha kazi majimbo ya kusini. Kiongozi wao, Richard Lewis Spencer, alikuwa mwimbaji na mpiga saksafoni. Walirekodi wimbo uitwao "Color Him Father", unaohusu baba wa kambo anayewapenda watoto asiowazaa, na mwaka 1970 wimbo huo ukampa Spencer tuzo ya Grammy. Lakini santuri ina pande mbili. Upande wa pili ulihitaji kitu cha kuujaza, basi wakapiga haraka haraka wimbo usiokuwa na maneno, uliojengwa juu ya pambio la kanisani, wakauita "Amen, Brother".

Wimbo ukifika dakika moja na sekunde 26 hivi, wenzake wote wananyamaza na Coleman anabaki peke yake. Anapiga mizunguko minne. Wa kwanza na wa pili inafanana. Wa tatu, ngoma ndogo ya mkono inachelewa kidogo, kama mtu aliyejikwaa lakini hakuanguka. Wa nne anaacha pigo la kwanza tupu, sikio linadai, halafu anagonga toazi kabla ya wakati wake. Jumla ni takriban sekunde saba. Kisha wenzake wanaingia, wimbo unaendelea, na mambo yanaishia hapo. Kundi lilivunjika muda si mrefu baadaye.

Sasa ziache sekunde hizo saba hapo Marekani, twende Jamaika, kwa sababu muziki huu una wazazi wawili.

Jijini Kingston kulikuwa na fundi redio aliyeitwa Osbourne Ruddock, maarufu kama King Tubby. Nikisema fundi redio namaanisha fundi hasa, kama hawa wetu wenye bisibisi na soda ya kuchomelea, wanaotengeneza ampilifaya mpaka inaongea. Alikuwa na vyombo vyake vya muziki vya kupigia mtaani, na mwishoni mwa miaka ya sitini na kuendelea akawa anafanya jambo la ajabu kwenye nyimbo za wenzake. Alikuwa anaondoa sauti ya mwimbaji. Anaondoa gitaa, anaondoa kinanda, anabakiza dramu na besi peke yake. Halafu anarudisha kipande cha sauti kidogo, anakitia mwangwi, kinapotea tena. Watu walipenda kupita kiasi. Mtaalamu wa kuondoa alionekana mtunzi sawasawa na aliyetia. King Tubby aliuawa kwa risasi mwaka 1989 nje ya nyumba yake, lakini kufikia hapo ufundi wake ulikuwa umeshavuka bahari.

Uliivuka na watu. Mwaka 1948 meli ya Empire Windrush ilitia nanga Tilbury, karibu na London, ikiwa na mamia ya abiria kutoka visiwa vya Karibi, na wengine wengi wakafuata miaka iliyokuja. Walikuta kazi, na walikuta pia milango iliyofungwa. Klabu nyingi za starehe hazikuwataka. Basi wakajenga starehe zao wenyewe: maspika makubwa kama kabati za nguo, santuri kutoka Kingston, na dansi kwenye vyumba vya chini vya nyumba zao. Watoto wao walizaliwa Uingereza na kukua na besi inayotikisa ukuta wa chumba cha kulala. Ndio hao watakaokuja kuwa watu wazima mwaka 1990.

Wakati huohuo zile sekunde saba nazo zilikuwa zinasafiri. Mwaka 1973 huko Bronx, New York, DJ Kool Herc, naye mzaliwa wa Jamaika, alianza kutumia nakala mbili za santuri moja ili kukirefusha kile kipande ambacho ngoma inabaki peke yake, kwa kuwa ndipo vijana walipokuwa wakicheza zaidi. Hapo ndipo hiphop ilipoanzia. Ma-DJ wakawa wanatafuta vipande vya ngoma kama wachimbaji wa Mererani wanavyotafuta tanzanite. Mwaka 1986 "Amen, Brother" ikaingizwa kwenye santuri ya kwanza ya mfululizo wa Ultimate Breaks and Beats, uliokusanya vipande vya aina hiyo. Wakati huo pia zilikuwa zimeingia sokoni mashine zinazoitwa sampla. Sampla hunasa kipande cha sauti, halafu unakipiga kwa kidole kama kinanda. Tangu hapo Coleman akawa anapatikana dukani.

Haya, sasa twende London, mwisho wa miaka ya themanini. Vijana wa Uingereza walikuwa wamelewa muziki wa mashine kutoka Chicago na Detroit, wanakesha kwenye maghala na mashamba. Kwenye klabu ya Heaven kulikuwa na usiku ulioitwa Rage, na hapo walipiga ma-DJ wawili weusi, Fabio na Grooverider. Hawa walichukua ule muziki wa mashine na kuuchanganya na vipande vya ngoma za hiphop, lakini wakivikimbiza mno kuliko Wamarekani walivyovipiga. Wanaocheza wakawa wanataka mbio zaidi, nao wanaongeza. Hayo yaliendelea mpaka mwaka 1993 Rage ilipofungwa.

Watengenezaji walikuwa nyumbani. Studio yenyewe ilikuwa kompyuta ya Atari, sampla ya Akai na kitanda cha kukalia. Hakukuwa na fedha za kumlipa mpiga dramu wala chumba cha kumweka. Wangefanya nini? Wakamchukua Coleman. Kwenye santuri yake alikuwa anakwenda kama mapigo 136 kwa dakika. Wakamkimbiza mpaka 160, na sauti ya ngoma zake ikapanda juu, ikawa nyembamba na kali kama bati linalopigwa na mvua. Halafu wakamkata. Pigo hili likawekwa peke yake, na lile peke yake, kisha wakayapanga upya kwa namna ambayo hakuna binadamu mwenye mikono miwili angeweza kuipiga. Coleman mwenyewe asingeweza. Nadhani hapa ndipo sanaa yao ilipo. Wanaosema hawa walikuwa wanaiba tu hawajawahi kukaa usiku kucha kupanga vipande 16 vya sauti mpaka vizae kitu kimoja chenye uhai. Mimi nimejaribu kwa programu ya bure kwenye kompyuta ya kazini, na nakuambia shughuli ipo.

Juu ya ngoma hizo wakaitandika besi ya wazazi wao. Hapo ndipo Washington na Kingston zilipokutana, kwenye chumba cha kulala cha kijana wa London. Muziki uliozaliwa kwanza uliitwa Jungle, maana yake msitu, na baadaye jina la dramu na besi likashika zaidi. Wapo wanaobishana mpaka leo kama hayo ni majina mawili ya kitu kimoja au ni vitu viwili. Mimi ubishi huo nauacha kwa wenyewe.

Redio za serikali na za biashara hazikuupiga mwanzoni. Basi vijana wakaanzisha redio zao bila leseni. Kool FM ilianza kurusha matangazo mwaka 1991 huko Hackney, mashariki mwa London. Redio za aina hiyo zilikuwa zinapandisha antena kwenye mapaa ya maghorofa ya wapangaji. Maofisa wakija kuing'oa, wiki inayofuata inapandishwa nyingine. Na muziki ulisambaa kwa njia nyingine ya ajabu: mtunzi akimaliza wimbo usiku, asubuhi anaupeleka kwenye karakana ya kukata santuri, anakatiwa nakala moja ya sahani laini, anampa DJ, na usiku uleule unapigwa. Sahani ile ilikuwa inachakaa haraka. Ukiupenda wimbo ulitakiwa kuwepo ukumbini siku hiyo. Desturi hiyo nayo ni ya Jamaika.

Serikali haikufurahi. Mwezi Mei 1992 maelfu ya vijana walikusanyika kwenye uwanda wa Castlemorton wakapiga muziki wiki nzima, magazeti yakapiga kelele, na mwaka 1994 bunge la Uingereza likapitisha sheria ya makosa ya jinai iliyowapa polisi uwezo wa kuvunja mikesha ya wazi ya usiku. Ili muziki unaolengwa ujulikane, wanasheria wakaandika kwamba ni pamoja na sauti zenye sifa kuu ya mapigo yanayojirudia-rudia. Fikiria hilo, msomaji. Waheshimiwa wamevaa suti wanakaa kutafuta tafsiri ya ngoma! Babu zetu waliotakiwa kumwomba mkoloni kibali kabla ya kupiga ngoma mjini wangecheka sana kusikia kwamba safari hii Mwingereza amewageuzia watoto wake mwenyewe.

Mwaka uleule wa 1994 muziki ulipanda chati. Wimbo "Incredible" wa M-Beat akiwa na General Levy uliingia katika kumi bora za Uingereza. Na mwaka 1995 BBC, ile BBC yenyewe, ikaanzisha kipindi cha Jungle kwenye Radio 1. Jiwe walilolikataa waashi, unajua linavyoendelea.

Katika wote waliojitokeza miaka hiyo, wawili wananigusa zaidi kwa sababu ya walikotokea. Wa kwanza ni Goldie. Alizaliwa Walsall mwaka 1965, baba Mjamaika na mama Mskoti, akalelewa kwenye nyumba za malezi na kwa walezi wa kupewa. Alianza na kuchora ukutani kwa rangi ya kopo. Rafiki zake wawili wa kike waliokuwa ma-DJ, Kemistry na Storm, ndio waliompeleka Rage akausikia muziki huu kwa mara ya kwanza, na mwaka 1994 wote watatu wakaanzisha lebo ya Metalheadz. Mwaka 1995 Goldie akatoa albamu ya "Timeless", na wimbo unaoifungua una zaidi ya dakika ishirini. Dakika ishirini! Ndani yake imo sehemu iitwayo "Inner City Life", na anayeimba ni Diane Charlemagne, mama mwenye sauti ambayo ukiisikia unaweka kikombe chini. Diane alifariki mwaka 2015. Kemistry alifariki mapema zaidi, mwaka 1999, kwa ajali ya barabarani akitoka kupiga muziki. Nawataja kwa makusudi, maana historia ya muziki huu ikisimuliwa wanawake wake huwa wanaachwa mlangoni.

Wa pili ni Roni Size wa Bristol. Bristol ni mji wa bandari uliotajirika kwa biashara ya watumwa. Mpaka mwaka 2020 ulikuwa na sanamu ya mfanyabiashara wa watumwa, Edward Colston, katikati ya mji, na ni mwaka huo wananchi walipoiangusha na kuitupa majini. Mwaka 1963 weusi wa mji huo waligomea mabasi kwa miezi kadhaa kwa sababu kampuni ilikataa kuajiri makondakta na madereva wasiokuwa weupe, na wakashinda. Roni Size alizaliwa kwenye mji huo mwaka 1969, wazazi wake wakiwa Wajamaika. Alifukuzwa shule, akajifunzia mashine kwenye kituo cha vijana. Mwaka 1997, yeye na kundi lake la Reprazent wakatoa albamu ya "New Forms", na mwaka huohuo ikatwaa tuzo ya Mercury, ambayo ni tuzo kubwa ya albamu Uingereza, ikiiacha nyuma hata "OK Computer" ya Radiohead. Kijana aliyefukuzwa shule! Nilipolisoma hilo nilikaa kimya kidogo. Sisemi shule haina maana. Wadogo zangu nawahimiza wasome. Nasema tu kwamba kule kwenye kituo cha vijana mtu fulani alimwachia aguse mashine, na hilo likatosha.

Sasa turudi kwa Coleman, maana deni lake bado.

Wahenga wanasema mcheza kwao hutunzwa. Coleman alicheza kwao, kisha akachezeshwa duniani kote, na hakutunzwa popote. Zile sekunde saba zimetumika kwenye maelfu ya nyimbo: za Jungle, za hiphop, za matangazo ya televisheni. Hakuna aliyemlipa. Alifariki mwaka 2006, na kwa maelezo ya Spencer, hakuwa hata na mahali pa kuishi. Inawezekana kabisa kwamba alikufa bila kujua alichokifanya. Spencer, aliyekuwa na hakimiliki ya wimbo, alikuja kusikia habari hizi mwaka 1996, baada ya watu wa kampuni moja ya muziki ya Uingereza kumtafuta. Muda wa kufungua kesi ulikuwa umeshapita. Mwaka 2015 ma-DJ wawili wa Uingereza wakaanzisha mchango kwa njia ya intaneti, wapenzi wa muziki wakatoa, zikapatikana pauni 24,000, akakabidhiwa. Spencer alifariki mwaka 2020. Kwa Coleman mchango ulikuwa umechelewa miaka tisa.

Nimelifikiria jambo hili muda mrefu kwa sababu linaniuma upande wangu pia. Mimi naandika riwaya, iko sura ya sita, na sina ninachokiandika ambacho sikukiokota mahali. Msemo huu ni wa bibi, yule mhusika anatembea kama jirani yetu mmoja, na kile kicheko nilikisikia kwenye daladala. Kama kuokota ni wizi, basi waandishi wote tupelekwe kituoni. Hata singeli yetu, kabla ya kujulikana mpaka Ulaya, ilianza na vijana waliochukua vipande vya taarabu wakavizungusha kwa kasi kwenye kompyuta za mitaani. Maskini hutunga kwa alivyonavyo, na mara nyingi alichonacho ni sauti ya mtu mwingine. Sioni namna ya kumlaumu kijana wa mwaka 1991 mwenye Atari ya mkopo.

Lakini kuna tofauti kati ya kijana yule na kampuni iliyokuja baadaye kuuza santuri zake. Kwa kijana, Coleman alikuwa mwalimu. Kwa mfanyabiashara alikuwa mali ghafi isiyolipiwa ushuru. Na hata yule kijana, akishapata fedha, deni linaanza kumhusu. Kwa maoni yangu sheria peke yake haitoshi. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 tunayo, na COSOTA ipo, lakini sheria inahitaji jina la mdai. Jambo la kwanza ni jina. Ukitumia kinanda cha mzee wa taarabu kwenye wimbo wako, uliza mtaani aliyekipiga ni nani, andika jina lake kwenye kazi yako, na akiwa hai kamtembelee hata na kilo ya sukari. Coleman alinyimwa fedha, ndiyo, lakini kabla ya hapo alinyimwa jina. Watu walikuwa wanakiita kipande chake kwa jina la wimbo, "Amen", kana kwamba kilijipiga chenyewe.

Muziki wenyewe haujafa, usije ukadhani nakupeleka makaburini. Mwaka 2012 wimbo wa dramu na besi wa DJ Fresh akiwa na Rita Ora ulishika namba moja Uingereza. Brazil walishaupokea zamani wakauchanganya na mapigo yao. DJ Marky wa São Paulo alipanda chati za Uingereza mwaka 2002. Na sasa yuko binti anayeitwa Nia Archives, aliyezaliwa mwaka 1999, wakati Jungle inaonekana imezeeka. Mwaka 2021 aliwaandikia barua waandaaji wa tuzo za MOBO, tuzo za muziki wenye asili ya watu weusi, akihoji kwa nini muziki huu hauna nafasi yake. Mwaka 2022 nafasi ikarudishwa, na aliyeshinda ni yeye. Anatengeneza, anaimba, anapiga mwenyewe.

Haya, umenivumilia, sasa nikuelekeze pa kuanzia. Kwanza kabisa, usisikilize kwa spika ya simu. Spika ya simu haina besi, na ukiusikiliza hivyo utaniona mwongo. Tafuta hedifoni, au subufa ya jirani siku hayupo kwenye matanga. Anza na "Inner City Life" ya Goldie, kwa sababu ina mtu anayeimba na haitakutupa mbali na ulikozoea. Ukiizoea, nenda kwa LTJ Bukem na wimbo wake "Horizons" wa mwaka 1995, laini, unafaa alfajiri. Kisha "Brown Paper Bag" ya Roni Size, ambayo besi yake ni ile ya mti, ya kusimamisha. Ukiwa umeshapata nguvu sikiliza A Guy Called Gerald wa Manchester, albamu ya "Black Secret Technology" ya mwaka 1995. Hiyo ni ngumu, ni ya kwenda nayo pole pole. Malizia na Nia Archives na albamu yake ya mwaka 2024, "Silence Is Loud", uone mjukuu alivyofanana na babu.

Na katika kila wimbo jizoeze jambo moja: chagua kufuata besi mpaka mwisho, halafu rudia wimbo uleule ukifuata ngoma. Utakuta umesikiliza nyimbo mbili. Hapo ndipo yule mzee wa nyumba atapata jibu lake. Anayeimba yupo, anaimba kwa vijiti.

Ukishafika hapo, itafute "Amen, Brother". Subiri dakika moja na sekunde 26. Wenzake wakinyamaza, huyo ni Gregory Coleman. Ukimpigia rafiki yako kipande hicho, usimwambie ni "biti ya Amen". Mwambie jina la mtu.